Kadi ya OCI ya India: anza kwa babu, usianze kwa fomu

Mtu akinipigia simu kuniuliza habari za kadi ya OCI (Overseas Citizen of India), ile inayompa mgeni mwenye asili ya India viza ya maisha, jambo la kwanza huwa ni tovuti. "Nitumie linki, kaka, nijaze leo hii." Nami humrudishia swali: babu yako alizaliwa wapi, na karatasi inayosema hivyo iko kwa nani? Wengi hapo hunyamaza. Fomu unaweza kuijaza usiku mmoja, ila karatasi za babu zinaweza kukuchukua mwaka mzima. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza mbali na kompyuta.

Nawaandikia wenzangu wenye asili ya India tuliozaliwa Dar, Zanzibar, Tanga, Mombasa, Kisumu au Jinja, tunaotembea na pasipoti za nchi hizi. Nawaandikia pia ndugu zetu wenye mama Mswahili na baba Mhindi, au kinyume chake, ambao mara nyingi huambiwa mlangoni kabisa kwamba jambo hili haliwahusu. Linawahusu.

Kadi hii ni nini hasa

Jina lake linapotosha. Linamwita mwenye kadi raia wa India aishiye ng'ambo, lakini hakuna uraia ndani yake. Katiba ya India, kifungu cha 9, hairuhusu mtu kuwa raia wa India na wa nchi nyingine kwa wakati mmoja. Kadi ya OCI ni hadhi iliyowekwa na marekebisho ya mwaka 2005 katika Sheria ya Uraia ya 1955, ikazinduliwa Hyderabad Januari 2006. Kabla yake ilikuwapo kadi ya PIO (Person of Indian Origin, mtu mwenye asili ya India), iliyoanza 1999. Tarehe 9 Januari 2015 serikali ya India iliziunganisha zote mbili zikabaki OCI peke yake. Kama nyumbani kwenu kuna kadi ya PIO kwenye droo, usiende nayo uwanja wa ndege ukidhani itakupitisha. Iombee kubadilishwa.

Watanzania wengi huniuliza kwa wasiwasi kama wataupoteza uraia wao, kwa kuwa Tanzania haikubali uraia pacha. Kwa sheria ya India, mwenye OCI anabaki mgeni: pasipoti yake ni ile ile ya Tanzania, Kenya au Uganda, hapigi kura India, hagombei ubunge, hashiki urais wala ujaji, na kazi za serikali si zake. Anachopata ni viza ya maisha ya kuingia na kutoka atakavyo, ruhusa ya kukaa muda wowote bila kwenda kujiandikisha kwa maofisa wa wageni, na haki ya kununua nyumba au fleti. Shamba hawezi kununua, wala ardhi ya mazao makubwa kama chai na mpira. Tiketi za ndege za ndani na viingilio vya mbuga na makumbusho hulipa bei ya Mhindi wa huko. Anayempeleka mama yake hospitali Mumbai au Chennai kila baada ya miezi michache ataelewa upesi kwa nini nalihimiza jambo hili.

Kuna shughuli ambazo hata ukiwa na kadi lazima uombe kibali maalum kwanza: uandishi wa habari, utafiti, kazi ya umisionari au tabligh, kupanda milima, na kuingia maeneo yaliyozuiwa. Tangazo la Machi 2021 lilizitaja wazi. Mwanafunzi anayekwenda kukusanya data za tasnifu yake asilichukulie jepesi.

Hatua ya kwanza: hesabu vizazi, lakini hesabu kutoka mahali sahihi

Sheria, kifungu cha 7A, inamkubali mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuwa raia wa India tarehe 26 Januari 1950 au baada yake, au alistahili kuwa raia siku hiyo, au alitokana na eneo lililojiunga na India baada ya 15 Agosti 1947. Kisha inamkubali mtoto wake, mjukuu wake na kitukuu wake. Kilembwe, yaani mtoto wa kitukuu, hayumo.

Hapo ndipo watu wengi wa pwani hukata tamaa bila sababu. Wanasema: "Aliyetoka Kutch, kule Gujarat, kwa jahazi ni babu wa babu yangu, mimi ni kilembwe, basi yamekwisha." Hayajaisha. Soma tena yale maneno "alistahili kuwa raia tarehe 26 Januari 1950". Katiba ya India ilimfungulia mlango mtu yeyote aliyekuwa akiishi nje, mradi yeye mwenyewe, au mzazi wake mmoja, au babu au bibi yake mmoja alizaliwa katika India ya zamani, kabla ya mgawanyo wa 1947 uliozaa Pakistan. Kwa hiyo babu yako aliyezaliwa Lindi mwaka 1925, akawa hai na anauza vitambaa dukani kwake mwaka 1950, alistahili siku hiyo kwa sababu baba yake alizaliwa Mandvi, bandari ya Kutch. Haidhuru kama hakwenda kujiandikisha. Hesabu inaanza kwake yeye wa Lindi, na wewe ni mjukuu. Utatakiwa kuthibitisha vyote viwili, kwamba yeye ni babu yako na kwamba baba yake alizaliwa India, lakini mlango uko wazi.

Wagoa wana njia yao. Goa haikuwa sehemu ya India mwaka 1950. Ilikuwa chini ya Wareno hadi Desemba 1961. Familia iliyotoka Goa, Daman au Diu inaingia kupitia kile kipengele cha eneo lililojiunga baadaye, kwa hiyo karatasi za Kireno za babu, cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo, ndizo dhahabu yenu. Msizitupe kwa kuwa hakuna anayezisoma nyumbani.

Sheria haiulizi dini wala rangi. Haisemi wazazi wote wawili wawe Wahindi. Bibi mmoja anatosha. Kijana ambaye baba yake ni Mzaramo na bibi yake mzaa mama alizaliwa Porbandar ana haki sawa na mimi, ilimradi vyeti vinaunganisha jina lake na la bibi huyo. Nimeona vijana wa namna hiyo wakirudi nyuma kwa neno la jirani tu, na inaniuma.

Sasa vizuizi. Kikubwa ni Pakistan na Bangladesh: kama wewe, mzazi, babu, bibi au mzazi wao aliwahi kuwa raia wa nchi hizo, ombi halikubaliwi. Angalia neno *raia*. Kuzaliwa Karachi au Lahore mwaka 1930, kabla Pakistan haijakuwapo, na kisha kuhamia Nairobi kabla ya 1947, si sawa na kubeba pasipoti ya Pakistan. Familia nyingi za Kipunjabi, za Memoni na za Khoja zina ndugu waliogawanyika pande mbili wakati wa mgawanyo, kwa hiyo waulizeni wazee waziwazi nani alichukua pasipoti gani. Kizuizi cha pili ni jeshi: askari wa jeshi la nchi ya kigeni, aliye kazini au aliyestaafu, hapewi.

Mke au mume asiye na asili ya India anaweza kuomba kupitia mwenzake aliye raia wa India au mwenye OCI, baada ya ndoa iliyosajiliwa kudumu miaka 2 mfululizo. Msisitizo uko kwenye kusajiliwa: cheti cha nikaha kutoka msikitini au cha ndoa kutoka hekaluni kisajiliwe serikalini kwanza. Wajue pia kwamba ndoa ikivunjika, kadi hiyo hufutwa.

Hatua ya pili: unga mnyororo wa karatasi

Chukua karatasi tupu uandike majina kwa mstari ulionyooka: wewe, mzazi, babu au bibi, na ikibidi mzazi wake. Kati ya kila jina na jina linalofuata lazima kuwe na hati moja inayoyataja yote mawili. Kwa kawaida ni cheti cha kuzaliwa. Kisha yule wa juu kabisa awe na hati inayomfunga na India.

Upande wetu, vyeti vya Tanzania Bara hutolewa na RITA, Zanzibar wana wakala wao wa usajili wa matukio ya kijamii, na Kenya ni idara ya usajili wa raia. Ikiwa cheti cha baba ni cha zamani, kimeandikwa kwa mkono na kimechanika kwenye mikunjo, omba kipya mapema, kwa sababu upekuzi wa madaftari ya miaka ya 1930 na 1940 huchukua muda.

Upande wa India, tafuta kwa mpangilio huu. Bora kabisa ni pasipoti ya babu, iwe ya India huru au ile ya zamani ya India chini ya Waingereza, ambayo ndani yake pameandikwa kwa wino mahali alipozaliwa. Ikikosekana, cheti cha kuacha shule cha kijijini, kwa kuwa shule za Gujarat ziliandika tarehe na mahali pa kuzaliwa. Ikikosekana hiyo, kumbukumbu za ardhi zenye jina lake. Gujarat huziita *saat-baar*, yaani saba-kumi na mbili, na ofisa wa kijiji anayezitunza ni talati. Au cheti cha ukaazi kutoka mamlaka ya wilaya. Kama kijiji chenyewe hamkijui, waulizeni wazee wa jamatini: vitabu vya ndoa na vya misiba vya miaka hiyo mara nyingi huandika mtu alikotoka. Jamii nyingine bado zina *barot*, mtunza nasaba anayezunguka vijijini na madaftari ya ukoo. Daftari lake halitakupa kadi, lakini litakuonyesha shule ipi ukagonge.

Yangu ilipatikana kwenye sanduku la bati la shangazi, chini ya kanga za marehemu bibi. Pasipoti ndogo, kurasa zimenata kwa unyevu wa Lindi. Niliifungua kwa kisu cha siagi, ukurasa mmoja mmoja, na kwenye ukurasa wa tatu mkono wa karani ulikuwa umeandika: Mandvi, Cutch. Shangazi alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema hakuwahi kuiona sahihi ya baba yake mpaka siku ile.

Kama wewe mwenyewe ulizaliwa raia wa India kisha ukachukua uraia wa hapa, una kazi moja ya ziada: kuirudisha pasipoti ya India na kupata hati ya kuusalimisha uraia huo. Uraia wa India ulikoma siku ulipochukua mwingine, na kuendelea kuitumia pasipoti hiyo ni kosa. Bila hati hiyo ombi la OCI halisogei.

Hatua ya tatu: majina

Hapa ndipo maombi mengi hukwama, na nalisema kwa uzoefu. Kwetu jina la mwisho la mtu mara nyingi ni jina la kwanza la babu yake, kwa hiyo baba, mwana na mjukuu wana "majina ya ukoo" matatu tofauti. Juu ya hilo, karani wa kikoloni aliandika alivyosikia. Jivraj, Jiwraj na Jeevraj ni mtu mmoja. Fatma, Fatema na Fatuma ni mama mmoja.

Mimi nilipeleka karatasi nikiwa na uhakika wote duniani, nikarudishwa. Pasipoti ya babu ilisema Gulamhussein, neno moja. Cheti cha baba yangu cha mwaka 1938 kilisema Gulam Husein, maneno mawili na *s* moja. Mimi niliyekua nikisoma yote mawili sikuwahi hata kuona tofauti. Ilinibidi kwenda kwa wakili, kuapa kiapo cha majina kikitaja kila umbo la jina na hati lilimotokea, kigongwe mhuri, kisha nipange upya siku ya kwenda. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote jingine, weka vyeti vyote mezani sambamba na usome herufi kwa herufi. Tofauti ukiipata, andaa kiapo mapema. Mwanamke aliyebadili jina baada ya kuolewa aambatishe cheti cha ndoa, chake na cha mama yake pia ikiwa mnyororo unapita kwa mama.

Na usikubali kishoka akuambie "tutarekebisha". Kadi iliyopatikana kwa hati ya uongo hufutwa chini ya kifungu cha 7D, hata kama umekaa nayo miaka 10.

Hatua ya nne: picha, sahihi na fomu

Tovuti ni ociservices.gov.in, ya serikali ya India yenyewe. Zipo nyingine zinazofanana nayo na zinazodai ada ya "huduma", kwa hiyo andika anuani mwenyewe badala ya kubofya tangazo.

Picha iwe ya mraba, milimita 51 kwa 51, uso mbele, na nyuma pawe rangi hafifu isiyo nyeupe. Mwambie mpiga picha wa studio hivyo hivyo kabla hajabofya kamera, maana wengi wao mkono umezoea kuweka nyeupe. Sahihi ina kipimo chake: upana uwe mara tatu ya kimo. Chora kwa penseli mstatili wa sentimita 6 kwa 2 kwenye karatasi safi, tia sahihi ndani kwa wino mweusi, iskani, kisha kata ndani kidogo ya mstari wa penseli. Mtoto asiyejua kuandika huweka dole gumba. Hati nyingine ziskaniwe kama PDF zinazosomeka lakini si nzito, maana tovuti hulikataa faili kubwa. Kijana wa steshenari ya mtaani kwenu anajua kulipunguza.

Fomu ina Sehemu A na Sehemu B. Ukimaliza A utapewa namba ya muda. Iandike mahali, kwa sababu umeme ukikatika ndiyo itakayokurudisha ulipoishia. Sehemu B inauliza kazi yako, makazi, ndugu wenye OCI, na kama umewahi kushitakiwa. Jina lako liandike kama lilivyo kwenye pasipoti yako ya sasa, si kama unavyopenda. Pasipoti yenyewe iwe na angalau miezi 6 mbele. Palipoulizwa alama ya mwilini, taja kovu au baka linaloonekana. Kila mtu ana fomu yake, hata mtoto mchanga, na fomu ya mtoto husainiwa na wazazi wote wawili. Ukishawasilisha huwezi kuhariri tena, basi iprinti kwanza, mpe mtu mwingine mwenye macho mapya aisome, ndipo ubonyeze.

Hatua ya tano: kupeleka na kulipa

Ombi hupelekwa kwenye ofisi ya India ya eneo unaloishi. Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali kuna balozi, na Zanzibar na Mombasa zina ofisi zao. Aliye Muscat au London apeleke huko anakoishi, akiwa na uthibitisho wa makazi. Nenda na fomu iliyoprintiwa, nakala za kila ulichopakia, na hati halisi zote. Halisi huangaliwa mbele yako na kurudishwa. Zipange kwa mpangilio wa mnyororo: yako juu, ya mzazi chini yake, ya babu mwisho, na kiapo cha majina kando ya hati inayokihusu. Karani asiyehangaika kutafuta atakuhudumia haraka.

Ada ya ombi jipya nje ya India ni dola 275 kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, ikilipwa kwa fedha ya nchi uliyopo kulingana na kiwango cha ofisi husika, pamoja na tozo ndogo. Familia ya watu watano ni fedha nyingi. Wengine huanza na mzee na wale wanaosafiri kwa matibabu, wengine wakafuata mwaka mwingine. Hakuna ubaya.

Kisha subiri. Kadi huchapwa India na kurudishwa ofisini ulikopeleka. Kwa kawaida ni wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi, na ya mwenza wa ndoa huwa na ukaguzi wa ziada wa usalama. Unafuatilia kwa namba yako kwenye tovuti ile ile. Usikate tiketi ya harusi ya binamu kabla hujaishika kadi mkononi.

Neno moja kuhusu ujumbe unaozunguka WhatsApp kwamba sasa hata kizazi cha saba kinapewa. Hilo lilitangazwa Machi 2025 kwa watu wa Morisi, ambao mababu zao walichukuliwa kwa mikataba ya mashamba ya miwa. Kwetu Afrika Mashariki ni mpaka kitukuu.

Ukiipata

Linganisha kila herufi na pasipoti kabla hujaondoka dirishani. Unaposafiri beba vyote viwili, kadi na pasipoti. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano bado kinahitajika: anayeingia India akitokea Kenya au Uganda huombwa kadi ya njano, na OCI haimwondolei sharti hilo.

Tangu Aprili 2021 masharti ya pasipoti mpya yamelegezwa. Aliyepata OCI kabla ya miaka 20 huomba kadi mpya mara moja tu, anapochukua pasipoti akiwa ameshavuka umri huo. Nyakati nyingine, yaani kila mtoto wa chini ya miaka 20 akibadili pasipoti, na mara moja mtu akishavuka 50, unapakia tu pasipoti mpya na picha kwenye tovuti, bure, ndani ya miezi 3. Aliyepata kupitia ndoa hupakia kila abadilipo pasipoti.

Na lile bunda la vyeti usilirudishe sandukuni. Skani kila ukurasa, na ile pasipoti ya babu ifunge kwenye karatasi kavu ndani ya mfuko usioingiza unyevu. Mpe nakala kila ndugu yako wa tumbo moja, na binamu wa upande huo, kwa sababu mnyororo wao kutoka kwa babu kwenda juu ni ule ule wenu, na ndugu yako ataongeza cheti chake tu, binamu vyeti viwili vya chini.